Kabla hujashika spika, pita kwanza ukalipe vitumbua: namna ya kuishi imani kwa kujishusha na kumshirikisha mwenzio

Bwana Yesu asifiwe, wale wa Tumsifu Yesu Kristo nanyi nawasalimu, na ambao hamna salamu ya hivi, mambo vipi, karibuni tu mkae.

Naandika hii kwa sababu watu wengi wananiuliza nifanyeje niishi imani yangu bila kelele na bila kujiona, afu pia nisikae kimya kama vile nina siri. Mimi sio mchungaji, ni muumini wa kawaida tu ninayekaa Mbagala, Dar es Salaam, nimefanya uinjilisti wa nyumba kwa nyumba miaka kadhaa na nimekosea sana humo, kwaiyo mengi ntakayoyasema hapa nimeyajua baada ya kujikwaa.

Nianze na siku niliyoumbuka. Ilikuwa jumamosi mchana, tumetumwa wawili wawili, mi na mwenzangu tumevaa vizuri, biblia mkononi, tunagonga mageti mtaa mmoja nyuma ya barabara kubwa. Geti la nne likafunguliwa, nani katoka, mama wa vitumbua! Huyu mama nilikuwa nakula kwake kila asubuhi kabla ya kazi, na nilikuwa nadaiwa elfu kumi na nne na mia tano, tena mda huo nilikuwa nimeshahama njia, napita uchochoro wa pili ili asinione. Sikujua anaishi pale. Akatukaribisha, akatutolea stuli na maji ya kunywa, akafunga kanga vizuri akakaa akasikiliza. Mi nikajikaza nikafungua Warumi 3:23, wote wamefanya dhambi, nikahubiri kama dakika kumi jasho linanitoka. Nilipomaliza akasema, "Neno zuri sana kaka angu, nimekuelewa kabisa. Sasa na ile hela yangu vipi?"

Mwenzangu akawa anaangalia viatu vyake tu. Na cha kuchekesha ni kwamba ningefunua kurasa chache mbele kwenye hiyohiyo Warumi ningekuta 13:8, msiwiwe na mtu chochote. Sikufika huko.

Kwahiyo tunaanzia hapo.

Madeni kwanza, mahubiri baadae

Chukua daftari au simu, andika watu wanaokudai. Usiandike hela tu, andika na maneno. Yule uliyemsema vibaya kwenye grupu la familia, yule fundi uliyempunguzia hela ya mwisho ukamwambia atakuja kuchukua, mdogo wako uliyemtukana mbele ya mkewe, dada wa kazi ambaye mshahara wake unauchelewesha kila mwezi kana kwamba yeye hali. Andika wote. Inauma kidogo hii, ndo maana watu wanaruka wanaenda moja kwa moja kwenye kuhubiri maana kuhubiri ni rahisi, unasimama wewe wenzio wamekaa. Kuomba msamaha unasimama mlangoni kwa mtu hujui atakujibu nini.

Yesu mwenyewe kasema kwenye Mathayo 5:23-24 ukiwa unatoa sadaka ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache hapohapo madhabahuni uende ukapatane nae kwanza. Angalia vizuri, hajasema kama wewe una neno na yeye, kasema yeye ana neno na wewe. Wengi tunasoma kinyume. Na Zakayo kwenye Luka 19, ushuhuda wake wa kwanza kabisa ulikuwa hesabu, nusu ya mali kwa maskini na niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Sehemu ya mara nne huwa tunaisoma haraka haraka sana.

Sasa ukienda kuomba msamaha, nenda vizuri. "Samahani kama nimekukwaza" sio msamaha, hapo kwenye "kama" umeshajificha. Taja kitu chenyewe. Mi nilivyorudi kwa yule mama nilimwambia hivi, "Mama, nilikwambia ntakulipa mwisho wa mwezi nikawa nakukwepa, nikabadilisha hadi njia. Nilikosea. Hii hapa elfu tano, tarehe thelathini naleta tano nyingine, inayobaki mwezi ujao." Basi. Usiongeze mstari wa biblia, usimwambie Roho amekugusa, usimwombee palepale, na kama huna hela yote usisubiri mpaka uwe nayo, peleka iliyopo na utaje tarehe. Na ile tarehe uifikie jamani, maana ukiomba msamaha afu ukakwepa tena ni bora ungekaa kimya.

Na usitegemee utasamehewa hapohapo. Kuna mmoja nilimfata aliniambia sawa nimekusikia, akafunga mlango. Mpaka leo salamu yake ni ya kichwa tu. Ana haki yake.

Hii ya kurudisha na kukiri sio kitu kigeni kwetu, ndo mzizi wenyewe wa neno tunalolitumia kila siku. Unajua mlokole limetoka wapi? Ni Kiganda, balokole, yaani waliookolewa. Mwaka 1929 pale kilima cha Namirembe Kampala, daktari wa Kiingereza Joe Church, aliyekuwa anafanya kazi hospitali ya misheni ya Gahini huko Rwanda, alikutana na Mganda anaitwa Simeoni Nsibambi, wakakaa chini wakasoma neno na kuomba pamoja, na kwenye miaka ya 30 uamsho ukawaka Gahini ukasambaa Uganda, Burundi, Kenya na huku kwetu ukaingilia Bukoba. Wale watu walijulikana kwa nini? Waliita kutembea nuruni. Mtu anasimama anasema niliiba kitu fulani kwa fulani, kesho yake anabeba anakirudisha. Na wamisionari nao wakafika mahali pa kuwaomba msamaha Waafrika kwa kiburi chao, Mzungu wa miaka ile ya ukoloni anamwambia Mwafrika nilijiona bora kuliko wewe nisamehe, hebu fikiria ilivyowashtua watu. Leo mlokole kwenye mitaa yetu ni mtu wa sketi ndefu na sauti kubwa saa tisa usiku. Ile sehemu ya kurudisha vitu tumeiacha njiani.

Kujishusha sio kuongea kama mgonjwa

Hapa napita haraka. Kuna watu wakiambiwa unyenyekevu wanashusha sauti, wanainamisha kichwa upande, kila ukiwasifia wanakwambia "mimi si kitu mtumishi, mimi ni mavumbi tu", afu usipowataja kwenye shukrani za harambee wananuna wiki mbili. Hicho ni kiburi kimevaa kanzu. Mtu aliyejishusha kweli huwa hajifikirii sana, akisifiwa anasema asante, akikosolewa anasema ebu nielezee vizuri, maisha yanaendelea. Wafilipi 2 inasema Yesu alikuwa na daraja lake, la kuwa sawa na Mungu, na hakuling'ang'ania. Sio kwamba hakuwa nalo.

Na kitu kingine muhimu nakisema wazi. Kujishusha sio kukubali kupigwa. Dada, kama mumeo anakupiga na mtu anakwambia vumilia nyenyekea utamvuta kwa Yesu, huyo mtu anakudanganya. Vituo vingi vya polisi vina dawati la jinsia na watoto, nenda, na nenda na mtu. Kumsamehe unaweza kumsamehe ukiwa salama kwa mama ako.

Tafuta kazi ambayo haina kipaza sauti

Nataka nikae hapa maana naona ndo penyewe.

Watu wanapenda kusoma Yohana 13, Yesu anavua vazi, anajifunga taulo, anawaosha wanafunzi miguu. Tunaona kama igizo zuri. Lakini ile ilikuwa kazi, tena kazi ya mtumishi, watu wametembea na makobazi kwenye vumbi, miguu imechafuka kweli, na pale chumbani hakuna hata mmoja aliyejitolea. Na Yuda alikuwepo. Nae akaoshwa. Sisi alhamisi kuu watu kumi na wawili waliochaguliwa wanaenda kuoshwa wameshajisugua nyumbani na jiwe na kupaka mafuta, hahaha, mi mwenyewe nishawahi kuchaguliwa na nilinunua hadi soksi mpya. Sikatai, ni ibada nzuri. Ila ukitaka kuosha miguu ya kweli huku uswahilini, nenda msibani ukaoshe masufuria.

Nakwambia hivi. Msiba wowote Mbagala, wa dini yoyote, utakuta turubai, viti vya kukodi, wazee wamekaa upande mmoja na daftari la rambirambi, kwaya inaimba au kisomo kinaendelea, na wakristo tumejaa pale mbele tumevaa suti tunasubiri kuitwa kutoa neno la faraja. Nyuma ya nyumba huku kuna kina mama wanne wamechoka toka jana na sufuria za pilau za kukodi, zile kubwa ambazo mtoto anaweza kuingia akakaa, ukoko umeganda chini mweusi, nje masizi ya kuni, maji yananunuliwa kwa dumu. Chukua steelwire, kama hamna chukua mchanga na jivu na kipande cha gunia, mwaga maji kidogo uache ukoko ulainike kama robo saa, usianze kusugua kavu utaumia vidole bure, afu ingiza mkono mpaka begani uanze. Mwanaume ukifanya hivi mara ya kwanza watakucheka. Kina mama watakwambia baba toka hapo tutafanya wenyewe, unasema hapana mama nipe hilo dumu. Baada ya sufuria ya pili wanaanza kukuongelesha. Na maneno utakayosikia pale nyuma huwezi kuyasikia pale mbele, nani anaumwa, nani kafukuzwa kazi, nani hajala, marehemu kaacha deni gani. Pale ndo kuna watu wenye maswali, na mkono wako una masizi kama wao kwaiyo wanaongea.

Usipige picha.

Kama huwezi msiba, kuna vingine. Kuchimba kaburi ni kazi vijana siku hizi wanaikimbia. Kumpeleka jirani kliniki na bajaji na kukaa nae foleni mpaka dirisha la dawa, sio kumtumia nauli tu. Kufagia hadi kwenye eneo la jirani ambaye mmenuniana. Kanisani kwenyewe kuna vyoo, na sijawahi kuona mtu anagombea ukatibu wa vyoo. Luka 14 inasema ukialikwa usiende kukaa mbele, kaa nyuma, na sisi tunaufanyia ujanja, tunakaa nyuma tukiwa tunaangalia mc kama ameshatuona atuite mbele.

Jifunze kupokea

Hii ilinichukua mda kuielewa. Nilidhani mtu wa Mungu ni mtoaji, wengine ndo wapokeaji. Afu siku moja nasoma Yohana 4 nikashtuka, Yesu kakaa kisimani kachoka, anamwambia yule mama Msamaria nipe maji ninywe. Mazungumzo yote yale makubwa ya maji ya uzima yalianza na yeye kuomba. Alikuwa na kiu na hana ndoo, mama yule ndo alikuwa na ndoo. Na wale sabini kwenye Luka 10 waliambiwa wasibebe mkoba wala mfuko, wakae nyumba moja, wale na kunywa vilivyopo. Yaani walitumwa wakiwa wanahitaji chakula cha wale wanaoenda kuwahubiria. Sisi tunaenda na msosi wetu, gari letu, spika yetu na jenereta letu.

Kwahiyo kivitendo, jirani yako Muislamu akikuletea futari mwezi wa Ramadhani, pokea, kula, rudisha bakuli likiwa safi, na likiwa na kitu ndani ukiweza, maana bakuli la jirani halirudi tupu. Ukikaribishwa kwa mtu wa hali ya chini akakupa ugali na dagaa, usiseme nimeshiba mama asante kwa kumuonea huruma. Atajua. Kula. Omba msaada kwa watu unaotaka kuwashirikisha imani, mwombe fundi akufundishe kufunga koki, mwombe bibi wa jirani akuelekeze dawa ya kikohozi cha mtoto. Mtu aliyekusaidia hakuogopi tena. Mtu unayemsaidia kila siku wewe tu mwisho anaanza kukukwepa kama mi nilivyomkwepa mama wa vitumbua.

Na uombewe pia. Siku umeelemewa mwambie hata yule muumini mpya wa wiki mbili akuombee, usisubiri mtumishi mkubwa.

Sasa kusema

Maana utafika mda wa kusema, huwezi kuosha sufuria milele bila kufungua mdomo, watu watadhani we ni mpole tu kwa kuzaliwa. 1 Petro 3:15 inasema muwe tayari kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, kwa upole na kwa hofu. Tunalishika neno tayari, tunasahau awaulizaye. Kuna mtu anatakiwa aulize. Maisha yako yamfanye aulize, na akiuliza ndo ujibu, na jibu liwe fupi.

Fupi namaanisha dakika mbili. Ulikuwaje, nini kilitokea, sasa ikoje, na wapi bado unahangaika. Hicho cha mwisho usikiache. Yule kipofu wa Yohana 9 walimbana sana na maswali ya teolojia akasema mi hayo sijui, najua kitu kimoja, nilikuwa kipofu sasa naona. Unaruhusiwa kusema sijui. Mtu akikuuliza kwa nini mtoto wake alikufa na wengine wakapona, usitunge jibu. Sema sijui mama, ukae nae.

Usiongeze chumvi kwenye ushuhuda. Kuna mashindano makanisani, huyu alikuwa mlevi, yule akasema yeye alikuwa jambazi, mwingine alienda kuzimu kabisa akakaa siku tatu. Kama ulikuwa mtu wa kawaida tu mwenye wivu na uvivu, sema hivohivo, wenye wivu na uvivu tupo wengi zaidi ya majambazi. Na usitoe siri za watu wengine kwenye ushuhuda wako, mke wako na ugumba, kijana wako na bangi, hizo sio zako, kaombe ruhusa kwanza na wakikataa unaziacha.

Mahali pa kuanzia ni nyumbani. Yule mtu wa Wagerasi kwenye Marko 5 aliyetolewa pepo alitaka kupanda mashua aende na Yesu, akaambiwa hapana, rudi kwenu kwa watu wako ukawaambie. Kwao ndo walikuwa wanamjua alivyokuwa anakaa makaburini, kwaiyo asingeweza kudanganya.

Swali zuri kuliko yote ninalolijua ni hili, "Nikuombee nini wiki hii?" Ni rahisi, halimlazimishi mtu, na wengi hata wasio wakristo hawakatai. Akikutajia, andika kwenye simu pamoja na tarehe. Ombea kweli. Baada ya wiki mbili muulize ile ishu imefikia wapi. Hapo kwenye kurudi kuuliza ndo anajua hukuwa unapiga stori, na mi naona hapo ndo uinjilisti wenyewe, kuliko vipeperushi mia tano unavyovikuta vimefungiwa karanga kesho yake.

Nigusie mahubiri ya kwenye daladala maana nimewahi kuyafanya, Mbagala Kariakoo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Watu wamebanwa, mwingine kalala, mwingine anawaza kodi, hawawezi kushuka, na wewe umesimama juu yao unapiga kelele kwamba wanaenda motoni. Najua kuna waliookoka kwenye daladala na sitaki kubishana nao. Mi niliacha siku konda aliponiambia mchungaji shuka na wewe ulipe kama wenzio, kumbe toka kituo cha kwanza sikuwa nimelipa nauli. Deni tena, ona.

Na spika za mkesha. Nchi hii ina kanuni za kelele toka mwaka 2015, NEMC, wale wa baraza la mazingira, wanazisimamia, na hazijaandikwa kwa ajili ya baa peke yake. Jirani aliyetoka zamu ya usiku anataka kulala. Ukimpunguzia sauti bila kuambiwa umeshamhubiria.

Kwa majirani wa dini nyingine, ishi nao, ukiulizwa, jibu. Usichambue kitabu chao, hujakisoma, na ya YouTube sio kusoma. Kukashifu dini ya mtu sheria yetu inakataza na hata isingekataza ni kukosa adabu. Na usitumie msaada kama chambo, yaani unga na mafuta ya kula kwa sharti la kuja jumapili. Kama unampa mtu unga mpe unga. Akikataa imani yako, baki rafiki yake vilevile, salamu ileile, vitumbua vilevile. Akiona umepoa baada ya kukataa atajua alikuwa ni mradi tu.

Simu yako

Kabla hujaposti picha ya mlo uliopeleka kituo cha watoto yatima, soma Mathayo 6 mwanzoni, ile ya kutokupiga tarumbeta unapotoa sadaka. Zamani tarumbeta, sasa hivi status. Wale watoto nyuso zao zipo kwenye simu za watu mia tatu wakiwa wameshika sabuni, na hakuna aliyewauliza. Jaribu mwezi mmoja kutoa bila mtu kujua, tuma kwa simu moja kwa moja kwa muuza duka umwambie familia fulani ikija ipe unga kilo tano usiseme nani katoa. Utaona inavyokuwasha kutaka kusema. Huo muwasho ndo wa kuushughulikia. Mi mwenyewe ilinishinda mara ya kwanza, nilimwambia mke wangu siku ya pili, afu nikamwambia na shemeji.

Mambo ya kuitana mtume na nabii mkuu kwenye bango siyasemi sana, somo Mathayo 23 lipo, kila mtu asome mwenyewe.

Ukiharibu

Utaharibu. Kuna kisa kinasimuliwa cha Festo Kivengere, askofu wa Kigezi Uganda, mtu wa uamsho uleule, aliyewahi pia kuwa mwalimu Dodoma. Alikwaruzana na mkewe, akawa anaondoka kwenda kuhubiri, na moyoni akasikia anaambiwa rudi jikoni ukayamalize na mkeo kwanza. Akajitetea kwamba watu wanamsubiri. Jibu alilopata ni kwamba basi wewe nenda, mimi nabaki hapa jikoni na yeye. Akarudi. Huyuhuyu ndo mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa mwezi wa pili chini ya utawala wa Idi Amin, alikimbia nchi usiku kwa miguu kuvuka milima kuingia Rwanda na mkewe, na baadae akatangaza amemsamehe Idi Amin. Watu wanapenda kusimulia hiyo ya Amin, ila mi nadhani alijifunzia jikoni.

Kwaiyo ukiwaka nyumbani, rudi. Mwezi uliopita nilimfokea kijana wangu wa darasa la nne kwa kupoteza kiatu, nikamwambia hana akili. Kiatu kilikuwa chini ya kiti changu nilipokuwa nimekaa. Nilienda chumbani kwake nikachuchumaa, usisimame, chuchumaa macho yalingane, nikamwambia baba alikosea, una akili, nisamehe. Akaniangalia akasema sawa, afu akaniuliza "kwani na watu wazima huwa wanakosea?" Nikamwambia sana. Miaka yote nilikuwa naongoza ibada ya jioni kwa sauti nzuri, hilo swali hajawahi kuliuliza.

Na yule mama wa vitumbua nilimaliza kumlipa kwa awamu tatu kama nilivyosema. Hayumo kwenye ripoti yetu ya uinjilisti ya mwaka ule kwenye safu ya walioongoka, na kwa kweli sijui anasali wapi au kama anasali. Mama ake alipofariki nilikuwa nyuma ya nyumba na sufuria. Novemba iliyopita kijana wake alikuwa anaingia kwenye mtihani wa form four, asubuhi nafika pale kanipimia vitumbua vyangu, akaangalia huku na huku akasema, "Kaka angu, we si unaombaga, niombee huyu mtoto. Ila kimyakimya, usije na wale wenzio."

Nikaandika kwenye simu, jumatatu, mtihani wa hesabu. Nikamlipa elfu moja yake, keshi.